Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusaidia mifugo baada ya kimbunga na mafuriko, Mombasa na viungani mwake

Haya maswali tumeulizwa na wafugaji wa Kisauni, Jomvu, Likoni na Changamwe, mengine na watu wa Kwale na Kilifi, na mengine na watu wenye moyo wa kusaidia lakini hawajui waanzie wapi. Nimeyajibu vile ningekujibu tukiwa tumekaa barazani. Kama saa hizi maji yako zizini ruka hadi swali la tatu, hayo mengine utasoma baadaye.

Kimbunga Mombasa? Si hayo ni mambo ya Marekani?

Harikeni ya Marekani na kimbunga cha Bahari ya Hindi ni kitu kimoja, jina ndo hubadilika kulingana na bahari. Kilichotuokoa miaka yote ni kwamba tuko karibu na ikweta, Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini, na upepo wa kimbunga unahitaji mzunguko wa dunia uusokote, sasa huku karibu na mstari ile nguvu ya kusokota ni ndogo. Ndo maana vingi vinapiga Madagaska na Msumbiji. Idai iliingia Beira Machi 2019, na wiki sita baadaye Kenneth ikapitia Komoro ikaingia Cabo Delgado. Lakini Mei 2024 Hidaya ilifika mpaka kisiwa cha Mafia, Tanzania, hapo tu kwa jirani, na huku kwetu tukaambiwa watu watoke baharini. Kimbunga si lazima kikupige wewe ndo upate hasara. Kikipiga kusini huku tunaweza kupata mawimbi, upepo na mvua, na El Niño ya mwisho wa 2023 ilituonyesha mvua pekee bila kimbunga inatosha kuzamisha mazizi.

Watu wanalala madarasani, nyinyi mnahangaika na mbuzi?

Naelewa anayeuliza hivi, na sikasiriki. Lakini nenda ukamwambie mama ambaye mbuzi wake sita ndo karo ya watoto aache nyumba aende shuleni kulala, hatoki. Atabaki hapo maji yakimfika magotini. Marekani waliliona hili 2005 wakati wa Katrina, watu walikataa kuokolewa kwa sababu waliambiwa waache mbwa na paka wao, na mwaka uliofuata, 2006, bunge lao likapitisha sheria kwamba mipango ya kuhamisha watu lazima ifikirie na wanyama. Kwetu si paka, ni ng'ombe wa maziwa. Ukimpa mtu mahali pa kufunga mnyama wake karibu na pale anapolala, utamtoa mapema na utakuwa umeokoa wote wawili.

Nimeamka maji yameingia bandani, nifanye nini kwanza?

Fungua kamba. Kabla ya simu, kabla ya picha, fungua kamba na ufungue lango. Mnyama aliyefungwa hufa maji yakiwa hata hayajamfika mgongoni, anajikanyaga kwenye kamba anaanguka. Ng'ombe na mbuzi wanajua kuogelea na wanajua kutafuta mlima. Usiwavushe maji yanayoenda kasi hata kama ng'ambo ni karibu, na angalia waya za stima zilizolala chini, mahali pa waya usikanyage wewe wala mnyama.

Wakishafika pakavu, anza na ndama, watoto wa mbuzi na wale wenye mimba, hao baridi inawaua haraka. Ng'ombe anayekamuliwa mkamue hata kama maziwa utayamwaga, manake ukimwacha siku mbili kiwele kitavimba na hapo umeongeza ugonjwa juu ya msiba. Halafu okota misumari na vipande vya mabati vilivyopeperushwa. Watu wengi hawajui hili: ng'ombe hachambui anachokula, anameza msumari pamoja na nyasi, unatoboa tumbo mpaka unafika kwenye moyo, na unakuja kumpoteza wiki tatu baadaye jua likiwa linawaka na hujui kisa ni nini. Kama una watoto wakubwa wape sumaku iliyofungwa kwenye fimbo wapite nayo malishoni.

Ndo sasa piga picha.

Nimpigie nani simu?

Mzee wa mtaa na chifu kwanza, halafu afisa wa mifugo wa wadi yako. Huduma za mifugo zilienda kwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, kwa hivo daktari wa mifugo wa serikali ni wa kaunti. Serikali kuu inaingia zaidi kwenye magonjwa yale makubwa yanayovuka mipaka. Msalaba Mwekundu wa Kenya nambari yao ni 1199, haina malipo, hao ni wa watu kwanza lakini ukiwaambia kuna mifugo wataandika.

Kuna jambo moja wafugaji wa Mombasa lazima walielewe, na ndo sababu ya sisi kuanza kuhangaika na haya yote. Ile mamlaka ya taifa ya ukame, NDMA, inashughulika na kaunti 23 kame. Kwale imo, Kilifi imo, Tana River imo, Lamu imo, Taita Taveta imo. Mombasa haimo. Ukitazama ramani ya msaada wa mifugo pwani nzima imepakwa rangi isipokuwa hapa kati. Kwa mtu wa ofisini Mombasa ni bandari na hoteli. Hajui Mwakirunge kuna mbuzi, hajui Mtongwe kuna watu wanaishi kwa ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, hajui ni nani anayeletea mtaa maziwa saa kumi na mbili asubuhi. Usipojihesabu mwenyewe hakuna atakayekuhesabu.

Mnasisitiza sana orodha, kwani orodha inalisha ng'ombe?

Inalisha, na ntakwambia vipi. Mafuriko ya nyuma nilikuwepo mahali ambapo lori la nyasi lilikuja siku ya pili, tukashangilia, likamwaga mzigo wote kwenye boma la kwanza kando ya lami kwa sababu ndo lilionekana. Siku ya nne likaja lingine, watu tofauti, wakamwaga pale pale. Yule mwenye boma alikuwa na ng'ombe wanne. Kilomita mbili ndani kuna mzee alikuwa na kumi na mmoja na hakupata hata beli moja, akaanza kuwauza. Nyasi za ziada zilinyeshewa zikaoza. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekuwa na roho mbaya, ni vile tu hakuna aliyejua.

Tangu hapo sisi tunaandika hivi, kwenye daftari la kawaida: jina la mwenye mifugo, mtaa na alama ya karibu (msikiti, kanisa, kioski), aina ya mnyama na idadi, wangapi wana mimba au wananyonyesha, waliokufa, na kinachohitajika LEO, kitu kimoja tu, chenye haraka kuliko vyote. Unapiga picha ukurasa unatuma kwa wasap kwa mtu mmoja aliyechaguliwa kila wadi, si kwa kila mtu. Msaada ukija unaandikwa pembeni, nani amepata nini, tarehe gani. Mwenye lori anapigiwa simu kabla hajatoka, anaambiwa pita lami ushike kushoto nenda kwa mzee wa ng'ombe kumi na mmoja.

Na tafadhali ulizeni akina mama peke yao. Mkiuliza baba wa nyumba atasema ng'ombe wawili, na anasema kweli, lakini kuku na mbuzi ni wa mke, au ni wa shangazi mjane anayeishi nyuma, na hao hawaingii kwenye daftari. Ndo wanaopoteza kila kitu bila mtu kujua.

Nataka kuchangia. Nilete nini?

Uliza kwanza. Kama maduka ya chakula cha mifugo yamefunguliwa na barabara inapitika, tuma pesa kwa simu, mwenye mnyama anajua anachokosa kuliko wewe. Kama hakuna cha kununua, leta nyasi kavu.

Hesabu yake ni nyepesi. Ng'ombe anakula kwa siku kama asilimia 2.5 ya uzito wake, chakula kikavu. Ng'ombe wa kilo 250 basi ni kilo 6 na kidogo. Beli la kilo 15 ukitoa kinachomwagika ni siku mbili. Kwa hivo ng'ombe 20 wanamaliza beli 10 kwa siku, wiki mbili ni beli 140. Ukija na beli 10 kwa watu wenye ng'ombe 20 umewapa siku moja, ni vizuri, lakini usiondoke ukidhani umemaliza kazi.

Funika lori kwa turubai! Nyasi zikinyeshewa njiani zinashika ukungu kwa siku chache, na ukungu huwa unaleta sumu, aflatoksini, ambayo kwa ng'ombe wa maziwa inapita mpaka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Beli likiwa na unga unga mweusi au linanuka, usimpe mnyama kwa huruma.

Masalio ya mboga ya soko la Kongowea yanafaa, makabichi na majani ya mahindi, mradi yawe ya siku hiyo. Machicha ya nazi pia mazuri sana na huku kwetu hayakosi, lakini yanachacha upesi na joto hili, leta asubuhi yaliwe kabla ya magharibi. Maganda ya mihogo yaanike kwanza, ile mihogo michungu ina sumu. Na mahindi, unga, mikate, msimwagie mnyama mwenye njaa. Ng'ombe aliyekaa siku tatu bila kula ukimpa ndoo ya mahindi tumbo linageuka tindikali anaanguka, na wewe ulikuwa unamsaidia.

Maji je, si yamejaa kila mahali?

Yamejaa na hayanyweki. Vyoo vya shimo vimefurika, visima vimeingiliwa, na karibu na bahari maji yana chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, mnyama akiyanywa kiu inazidi anazidi kuyanywa mpaka anachanganyikiwa. Mkitafuta lori la maji hesabuni kwa mitungi ya lita 20: ng'ombe wa maziwa wa gredi (wa kisasa) mitungi mitatu mpaka mitano kwa siku na joto la huku, ng'ombe wa kienyeji mmoja na nusu au miwili, mbuzi robo mtungi, kuku mia moja mtungi mmoja na zaidi. Mvua yenyewe inayonyesha ni maji safi, tandika turubai ukinge.

Mnyama amekufa tu ghafla, tumchinje kabla nyama haijaharibika?

La. Kwa Mwislamu mzoga umeshaharamishwa na suala limeisha hapo, kwa asiye Mwislamu nisikize vizuri. Mafuriko yanafukua udongo, na ndani ya udongo kuna mbegu za kimeta, ugonjwa unaoua wanyama na watu, na zinaweza kukaa makumi ya miaka. Mnyama aliyekufa ghafla, damu inatoka puani au nyuma na haigandi, mwili haukakamai, huyo usimguse, usimpasue, usimchune ngozi. Ukimpasua ndo unazimwaga zile mbegu kwenye uwanja wako. Mfunike, fukuza mbwa, ita daktari.

Kuzika Mombasa ni shida yake peke yake. Ukichimba kidogo unakuta jiwe la matumbawe, na lile jiwe lina matundu, kinachooza juu kinashuka moja kwa moja kisimani kwa jirani. Kwa hivo msizike kila mtu nyuma ya nyumba yake. Muulizeni afisa wa kaunti awape sehemu moja yenye udongo, shimo la kina cha mita mbili, chokaa juu, mbali kabisa na visima, na mkokote mizoga pamoja kwa siku moja, isipokuwa ule mnaoushuku kimeta, huo mngoje daktari. Usitupe mkondoni, mzoga ukitupwa Tudor utarudi na maji kujaa.

Homa ya Bonde la Ufa ni nini na mbona kila mvua ikizidi mnaitaja?

Ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, unashika mifugo na watu. Tunaitaja kwa sababu inakuja baada ya watu kupumua. Maji yakikaa kwenye mabonde madogo wiki kadhaa, kuna mayai ya mbu yaliyolala kwenye udongo huo miaka na miaka, mengine yana virusi tayari ndani yake, yanaanguliwa yote kwa pamoja. Ilitokea baada ya El Niño ya 1997 na 1998, ikatokea tena mwisho wa 2006 kuingia 2007 ikianzia upande wa Garissa, na huko nchini kwetu walikufa watu zaidi ya mia moja, si mifugo pekee.

Dalili yake kubwa ni mimba kutoka. Si mbuzi mmoja, ni kundi zima, kondoo leo watatu kesho watano, na vitoto vinakufa siku moja mbili baada ya kuzaliwa. Ukiona hivo usiguse kile kilichotoka kwa mikono mitupu, usichinje, chemsha maziwa mpaka yatokote, na piga simu siku hiyo hiyo. Binadamu huipata sana kwa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa, kwa hivo wachinjaji na wakunga wa mifugo ndo wa kwanza. Sampuli huenda maabara ya mifugo ya Mariakani, si mbali.

Chanjo yake ipo lakini inataka kuwahi, kabla ya mbu. Ugonjwa ukishaingia, kupita na sindano moja kundi zima ni kuusambaza kwa mkono wako mwenyewe, na ile chanjo hai ya zamani huangusha mimba. Kwa hivo mtu akija na sindano wakati huo, mwulize maswali magumu.

Mbu wenyewe, choma mavi makavu na majani ya mwarobaini jioni kandokando ya zizi. Haimalizi lakini inapunguza.

Kuna kijana anapita anadunga sindano za bure, nimruhusu?

Mwombe kitambulisho chake cha usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo, mwenye nacho hatakasirika. Mwulize ni dawa gani, na baada ya sindano usiuze maziwa kwa siku ngapi. Asiyejibu hilo la pili asiguse ng'ombe wako. Baada ya mafuriko haja kubwa huwa ni dawa ya minyoo, kutibu kwato zilizooza kwa kusimama topeni, na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo sindano moja inakinga kama miaka mitatu. Kudungwa antibayotiki kila mnyama hata mzima ni kutupa pesa.

Kuku wangu?

Wainue juu, pakavu, hata kitandani kwako. Wakishatulia wachanjwe kideri, ule ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, tone la jicho, mkishirikiana majirani kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulio nao.

Punda na wale ngamia wa ufukweni?

Nao waandikwe. Punda wa mkokoteni ndo atakayebeba maji barabara ikikatika, mlishe kwanza. Ngamia wa Nyali na Bamburi wenyewe wanakosa riziki siku ileile watalii wanaondoka, kwa hivo wakumbukeni kwenye nyasi.

Broka amekuja anataka ng'ombe wangu nusu bei. Nina shida. Niuze?

Mama aliyeniuliza hili alikuwa analia, na ninalijibu kwa uangalifu. Sitakwambia usiuze, njaa haingoji. Lakini kama ni lazima, toa madume kwanza, halafu waliozeeka, halafu beberu la ziada. Mtamba na jike lenye mimba shikilia mpaka mwisho kabisa, huyo ndo banda lako la kesho. Usiuze peke yako, tafuta wenzako watano mpeleke pamoja, Mariakani kuna soko la mifugo, mkienda kundi broka hawezi kumtisha mmoja mmoja. Wenye kuchangia, hapa ndo pesa yenu inafanya kazi kubwa kuliko zote: beli sita wiki hii zinaokoa mtamba ambaye mwakani ungetoa elfu nyingi kumnunua.

Kuhamisha mifugo kwenda Kwale au Kilifi kunataka kibali?

Ndio, hata wakati wa dharura. Daktari wa kaunti anaangalia wanyama anakupa karatasi, na sehemu ikiwa imewekwa karantini hamtoki. Feri ya Likoni ikisimama kwa upepo, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inatoka mpaka upande wa Kwale bila kuvuka kwa feri.

Serikali au bima itanilipa mnyama aliyekufa?

Marekani kuna mpango wa serikali unalipa asilimia 75 ya bei ya soko kwa mnyama aliyeuawa na harikeni, mradi uthibitishe. Kwetu bima ya mifugo iliyosambazwa na serikali kuanzia 2015 inatazama ukijani wa malisho kwa setilaiti, ikikauka inalipa. Sasa mafuriko yanaotesha nyasi, setilaiti inaona kijani kibichi, na mbuzi wako wamezama. Haikuundwa kwa hili. Lakini weka picha, weka tarehe, weka sahihi ya chifu, kwa sababu msaada wowote ukija wataanza na mwenye ushahidi.

Tutagawiwa lini mbuzi wapya?

Si mwezi huu, na anayewaletea lori la mbuzi wiki ya tatu mshukuruni mumwombe asubiri. Malisho bado ni tope, mbu bado wapo, na mbuzi wa kutoka bara, wa baridi, akishushwa Mombasa kwenye kupe wetu anakufa mwezi haujaisha, mmeshaona. Hata mwongozo wa kimataifa wa mifugo kwenye dharura, LEGS, unaweka chakula, maji, matibabu na makazi ya waliobaki mbele, kujaza mazizi tena ni kazi ya baadaye. Wakati ukifika nunueni karibu, Kinango au Kaloleni, majike machanga, wakae peke yao wiki mbili tatu kabla ya kuchanganywa, na mwenye kupewa awe yule daftari linasema alipoteza, pamoja na yule shangazi wa nyuma ya nyumba.